Ikarus: Basi lililouzwa kwa ndugu mpaka ndugu alipoacha kununua

Na Mwandishi Wetu

Kwa miaka mingi, abiria wa Moscow, Budapest, Leipzig na Havana walikuwa wakipanda basi la familia moja. Liliitwa Ikarus na lilitengenezwa Hungaria, nchi ya Ulaya isiyo na bahari na yenye watu wapatao milioni 10 tu. Katika miaka ya 1980 kiwanda hicho kilitoa mabasi zaidi ya 12,000 kwa mwaka, na kilihesabiwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya mabasi duniani.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na yake. Waliokuwa wakienda kazini au shuleni kwa mabasi ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, wanalikumbuka basi refu lenye kiungo cha kujikunja katikati. Walilibatiza jina la Ikarus kumbakumba.

Leo karakana kuu ya kiwanda hicho jijini Budapest haitoi basi hata moja. Ilikwishafungwa. Mabasi yenyewe hayakuwa mabovu, na mengine yalitembea barabarani miaka 30 na zaidi. Kilichokiangusha kiwanda ni mpango wa biashara uliokikuza: soko moja kubwa, mteja mmoja mkubwa, na malipo ambayo hayakuwa na kazi nje ya soko hilo.

Kwa mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia, Rusumo au Kasumbalesa, habari hii si ya mbali kama inavyoonekana.

Fundi wa magari ya farasi

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1895 fundi aitwaye Imre Uhri alifungua karakana ya uhunzi mjini Budapest, akitengeneza na kukarabati magari ya kukokotwa na farasi. Magari ya injini yalipoingia, familia ya Uhri ikageukia kujenga bodi za magari na baadaye za mabasi. Ni kazi ileile inayofanywa leo na mafundi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam: chesisi inatoka nje, bodi inajengwa nyumbani.

Jina la Ikarus lilitoka kwingine. Lilikuwa la kampuni ya mashine na vyuma iliyoanzishwa mwaka 1916, nayo ililichukua kutoka hadithi ya kale ya Wagiriki, ya kijana aliyepewa mbawa zilizogandishwa kwa nta. Aliruka karibu mno na jua, nta ikayeyuka, akaanguka baharini. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali mpya ya kikomunisti ilitaifisha viwanda, na mwaka 1949 karakana ya Uhri na kampuni ile zikaunganishwa. Jina la kijana aliyeanguka ndilo lililobaki.

Mwaka huohuo wa 1949, Umoja wa Kisovieti na nchi rafiki zake za Ulaya Mashariki waliunda jumuiya yao ya kiuchumi, iliyojulikana kama Comecon. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba mambo hayo mawili yangekuja kuwa kitu kimoja.

Ikarus ilianza na mabasi madogo ya mjini. Katika miaka ya 1950 likaja Ikarus 55, basi la safari ndefu lenye injini nyuma na umbo la mviringo. Wajerumani wa Mashariki walilipa jina la utani la "Sigara" kwa ajili ya umbo hilo. Likaonekana kwa wingi nje ya mipaka ya Hungaria, na viongozi wa Comecon wakaona kwamba hapa kuna kazi inayoweza kukabidhiwa nchi moja kwa niaba ya zote.

Kila nchi na kazi yake

Wazo la Comecon linafahamika kwa yeyote anayefuatilia mijadala ya soko la pamoja. Badala ya kila nchi kujenga kiwanda kidogo cha kila kitu, nchi zigawane kazi. Anayejua kutengeneza mabasi atengeneze kwa ajili ya wote, anayejua malori atengeneze malori, kisha wabadilishane.

Hungaria ikapewa mabasi makubwa. Ujerumani Mashariki, nchi yenye historia ndefu ya utengenezaji wa magari, iliacha kuunda mabasi makubwa yake na kuagiza Ikarus. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na viwanda vyake, kama LiAZ karibu na Moscow na LAZ mjini Lviv, lakini kwa mabasi marefu ya kujikunja ulitegemea Hungaria kwa miaka mingi. Si wote waliokubali mgawo huo. Chekoslovakia iliendelea na mabasi yake ya Karosa, na Poland na yake ya Jelcz.

Mgawo huo ulikuwa na upande wa pili. Hungaria haikujenga kiwanda kikubwa cha magari madogo. Familia iliyotaka gari iliweka jina kwenye orodha na kusubiri miaka, mpaka lifike Lada kutoka Urusi au Trabant kutoka Ujerumani Mashariki. Viwanda vya Hungaria vilitengeneza vipuri vya Lada na kuvipeleka Urusi, na nchi ikalipwa kwa Lada zenyewe.

Ndani ya Hungaria nako kazi iligawanywa. Kiwanda cha Rába mjini Győr kilitengeneza injini za dizeli kwa leseni ya kampuni ya MAN ya Ujerumani Magharibi, pamoja na ekseli. Kiwanda cha Csepel kilihusika na chesisi. Ikarus yenyewe ilijenga bodi na kuunganisha basi zima, kwanza katika eneo la Mátyásföld jijini Budapest, kisha pia katika kiwanda cha pili mjini Székesfehérvár. Basi moja lilikuwa ajira ya miji kadhaa.

Kumbakumba

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wahandisi wa Ikarus, pamoja na mbunifu László Finta, walikuja na familia mpya iliyoitwa mfululizo wa 200. Siri ya mafanikio yake ilikuwa rahisi. Basi la mjini, la mkoani na la kujikunja yalitumia sehemu nyingi zinazofanana: madirisha, milango, vyuma vya bodi, injini. Fundi aliyelijua moja aliyajua yote. Kiwanda kiliweza kutoa mabasi ya aina mbalimbali kwenye mstari uleule, na gereji haikuhitaji kuweka stoo ya vipuri kwa kila aina.

Ikarus 260, basi la kawaida la mjini, lilitengenezwa zaidi ya 70,000 kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ikarus 280, lile la kujikunja, lilizidi 60,000. Lilikuwa na urefu wa mita 16.5, ekseli tatu, na injini iliyolazwa chini ya sakafu ya sehemu ya mbele. Sehemu ya nyuma ilivutwa kama tela, zikiunganishwa na kiungo chenye pazia la mikunjo. Warusi walilitazama pazia hilo wakaliita basi "akodiani".

Wakazi wa Dar es Salaam walitazama kazi yake badala ya umbo lake. Kumbakumba ni kile kinachokumba vyote bila kuchagua, na basi hilo lilikuwa likisimama kituoni na kuondoka na kila aliyekuwepo.

UDA iliundwa mwaka 1974 kuhudumia jiji lililokuwa likikua haraka kuliko mabasi yake. Tatizo halikuwa kupata basi tu, bali kulifanya liendelee kutembea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na bila fedha za kigeni hakuna kipuri. Mabasi mengi ya shirika yakawa yamelala karakana. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria, na hapo ndipo daladala zilipopata njia rasmi. Jina hilo lilitokana na sarafu ya shilingi tano ya nauli, iliyoitwa "dala" kwa kufananishwa na dola.

Basi la kujikunja halikuonekana tena kama huduma kubwa ya jiji hilo mpaka mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi. Safari hii yalitoka China.

Daftari la rubli

Sasa tuje kwenye malipo, maana ndipo penye kiini cha habari hii.

Hungaria ilipoiuzia Moscow mabasi, haikupokea dola wala dhahabu. Haikupokea hata noti za rubli. Kuanzia mwaka 1964 nchi za Comecon zilikuwa na fedha ya mahesabu iliyoitwa rubli ya kuhamishwa. Haikuwahi kuchapishwa. Ilikuwa namba katika vitabu vya benki yao ya pamoja iliyokuwa Moscow. Umeuza mabasi, namba yako inapanda. Umechukua mafuta, inashuka.

Kwa jina, fedha hiyo ilikuwa ya kuhamishwa. Kwa kweli haikuhamishika kirahisi. Kama Hungaria ilikuwa na ziada kwa Urusi, haikuweza kwenda nayo Poland ikanunua makaa ya mawe, seuze kwenda nayo Ujerumani Magharibi ikanunua mashine. Ilibidi iitumie kwa mdaiwa huyohuyo, kwa bidhaa ambazo mdaiwa huyo alikuwa tayari kuzitoa. Mwenye duka anayewauzia majirani kwa daftari anaijua hali hii: kitabu kinasema una mali, lakini huwezi kwenda na kitabu hicho kwa msambazaji wa jumla.

Kwa miaka mingi mpango huo ulifanya kazi vizuri. Hungaria haina mafuta ya kutosha. Bomba la Druzhba, jina lenye maana ya Urafiki, lilileta mafuta kutoka Urusi kuanzia miaka ya 1960, na mabasi yalikuwa sehemu ya malipo yake. Zaidi ya Ikarus 100,000 yalikwenda Umoja wa Kisovieti. Mteja alikuwa mmoja, lakini oda yake ilijaza kiwanda mwaka mzima, na ya mwaka unaofuata ilikuwa tayari imeandikwa kwenye mpango wa miaka mitano.

Ila kulikuwa na nyufa tatu zilizoanza kuonekana mapema.

Ya kwanza ni gharama. Basi liliuzwa kwa rubli za daftari, lakini baadhi ya vifaa vyake na leseni zake zilitoka nchi za Magharibi na kulipiwa kwa dola au maki za Ujerumani. Kila basi lililokwenda mashariki lilibeba ndani yake kidogo cha fedha ngumu, na halikurudisha hata senti moja ya fedha hiyo.

Ya pili ni uzembe ulioletwa na uhakika. Katika miaka ya 1980 Ikarus ilikuwa na basi jipya tayari, mfululizo wa 400. Lakini mteja mkubwa aliendelea kuagiza lile la zamani, lililo rahisi na ambalo mafundi wake walilizoea. Kiwanda kikaendelea kutoa basi lililobuniwa miaka ya 1960, huku washindani wa Magharibi wakishusha sakafu, wakipunguza moshi na kelele.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa hatari zaidi. Ikarus haikuwa ikiuza mabasi yenyewe. Biashara ya nje ya magari ilikuwa mikononi mwa kampuni ya serikali iliyoitwa Mogürt. Wahandisi walijua kutengeneza basi, lakini kazi ya kumtafuta mnunuzi, kumpigia bei na kumhudumia baada ya mauzo haikuwa yao.

Mlango wa Marekani

Isidhaniwe kwamba basi lile halikuweza kuuzwa penye ushindani. Liliuzwa Marekani kwenyewe, tena katikati ya vita baridi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 miji ya Marekani ilikuwa ikitafuta mabasi ya kujikunja, na viwanda vya huko havikuwa na uzoefu nayo. Ikarus ikaingia ubia na kampuni ya Crown Coach ya Los Angeles. Kikwazo kilikuwa sheria. Mji ulionunua basi kwa msaada wa serikali kuu ulitakiwa kununua bidhaa ambayo sehemu kubwa ya thamani yake ni ya Marekani.

Jawabu lao ni somo zima la biashara ya mpakani. Bodi ilitoka Budapest bila injini. Ilipofika California iliwekewa injini ya Cummins na giaboksi ya Allison, zote za Marekani, pamoja na vifaa vingine vya ndani. Thamani iliyoongezwa huko ikatosha kulifanya basi likubalike kisheria. Zaidi ya mabasi 200 ya aina hiyo yaliuzwa katika miaka ya 1980, na jiji la Portland katika jimbo la Oregon lilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Kanada nayo ilipata toleo lake kupitia kiwanda cha Ontario. Cuba, kwa upande wake, ilipokea vifaa vya Ikarus na kuviunganisha nyumbani kwa jina la Girón.

Mabasi hayo 200 yalikuwa machache mno ukiyalinganisha na maelfu yaliyokwenda Moscow kila mwaka. Lakini yalilipiwa kwa dola, na yalithibitisha kwamba kiwanda kinaweza kufuata masharti ya soko geni. Lau kama njia hiyo ingepanuliwa mapema, huenda habari hii ingemalizika vingine.

Daftari linafungwa

Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989. Tarehe 1 Julai 1990, Ujerumani Mashariki ilianza kutumia maki ya Ujerumani Magharibi. Kwa usiku mmoja, mji wa Leipzig au Dresden uliokuwa ukinunua Ikarus kwa rubli za daftari ukawa na fedha inayokubalika popote. Ukiwa na fedha hiyo, Mercedes na MAN ziko jirani. Oktoba 3 mwaka huohuo Ujerumani Mashariki yenyewe ikatoweka kwenye ramani, na mteja wa pili kwa ukubwa akaondoka nayo.

Pigo kubwa lilifuata. Kuanzia Januari 1, 1991, biashara kati ya nchi za Comecon ilihamia kwenye dola na bei za soko la dunia. Hungaria yenyewe ilikuwa imetaka uchumi wa soko. Lakini Moscow, iliyokuwa ikiishiwa fedha za kigeni, haikuwa na dola za kununulia mabasi kwa maelfu. Juni 1991 Comecon ikavunjwa rasmi. Desemba mwaka huo Umoja wa Kisovieti ukasambaratika.

Fikiria hali ya kiwanda. Mstari wa uzalishaji ulijengwa kutoa zaidi ya mabasi 12,000 kwa mwaka. Mafundi wapo, vyuma vimeagizwa, wauzaji wa injini na ekseli wanasubiri oda. Mnunuzi hajakataa basi. Analihitaji, ila hana cha kulipia. Katikati ya miaka ya 1990 kiwanda kilikuwa kikitoa sehemu ndogo tu ya idadi ya zamani.

Na deni je? Urusi ilirithi madeni ya Umoja wa Kisovieti, likiwamo lile la Hungaria lililotokana na biashara ya miaka hiyo. Mwaka 1993 sehemu yake, takriban dola milioni 800, ililipwa kwa ndege 28 za kivita aina ya MiG-29. Nchi iliyouza mabasi, dawa na vyakula ikalipwa kwa ndege za vita. Daftari likishafungwa, mwenye kudai hachagui anacholipwa.

Mashariki mwa Ulaya nako kukaingia mshindani ambaye wasomaji wetu wanamfahamu sana: mtumba. Mabasi yaliyotumika Ujerumani, Uholanzi na Skandinavia yaliuzwa kwa bei ambayo kiwanda cha mabasi mapya hakiwezi kuifikia. Kampuni ya usafiri iliyofilisika nusu haikuwa na sababu ya kungoja basi jipya la Budapest.

Ikarus ilipita mikono kadhaa. Mfanyabiashara wa Hungaria Gábor Széles aliinunua mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1999 ikaingia chini ya Irisbus, kampuni ya pamoja ya Renault ya Ufaransa na Iveco ya Italia. Wenye kampuni hiyo walikuwa na viwanda vingine na mabasi mengine ya kuuza. Hatimaye lango la Mátyásföld likafungwa.

Dada yake wa Latvia

Ikarus haikufa peke yake. Kaskazini, nchini Latvia, kulikuwa na kiwanda cha RAF kilichotengeneza mabasi madogo kwa ajili ya Umoja wa Kisovieti wote. Kuanzia mwaka 1976 kilikuwa na karakana mpya kubwa mjini Jelgava. Modeli yake ya RAF-2203 ilikuwa gari la wagonjwa katika miji mingi ya Kisovieti, na pia teksi ya abiria wengi, sawa na matatu au daladala zetu.

Injini ilitoka Urusi, na vifaa vingine vilitoka jamhuri mbalimbali. Maadamu nchi ilikuwa moja, hiyo haikuwa shida. Latvia ilipopata uhuru mwaka 1991, injini ikawa inavuka mpaka ikiwa bidhaa ya nje, na basi lililokamilika likavuka mpaka huohuo kurudi, nalo likiwa bidhaa ya nje. Ushuru mara mbili, forodha mara mbili, sarafu mbili. Mwaka 1994 kiwanda cha GAZ cha Urusi kikaanza kuuza gari lake dogo la GAZelle, na soko la RAF likaenda huko. Kabla ya muongo huo kwisha kiwanda cha Jelgava kilikuwa kimesimama.

Tairi za Arusha na Nairobi

Afrika Mashariki nayo iliwahi kujaribu kugawana viwanda. Mwaka 1964, kwa Makubaliano ya Kampala, Kenya, Uganda na Tanganyika zilipanga nani atengeneze nini. Uganda ilipangiwa baiskeli na mbolea. Kenya ilipangiwa balbu za umeme. Tanganyika ilipangiwa, pamoja na mengine, kuunganisha Land Rover na kutengeneza tairi za magari.

Makubaliano hayo hayakutekelezwa kama yalivyoandikwa, na Kenya haikuyaridhia. Tanzania ikajenga kiwanda cha General Tyre mjini Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1971. Wakati huohuo Nairobi ikapata kiwanda cha Firestone. Soko lililodhaniwa kutosha kiwanda kimoja likawa na viwili, kila kimoja upande wake wa Namanga. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ikavunjika na mpaka ukafungwa.

Mwisho wa viwanda hivyo unajulikana. Cha Arusha kilisimamisha uzalishaji katika miaka ya 2000. Cha Nairobi, wakati huo kikiwa mali ya Sameer, kiliacha kutengeneza tairi mwaka 2016. Tairi nyingi zinazovuka Namanga leo zimetoka Asia.

Ukiweka habari hizi mbili pamoja, utaona kwamba kila upande ulikosa alichokuwa nacho mwenzake. Ulaya Mashariki iligawana kazi na soko likawa kubwa, lakini malipo yakafungwa ndani ya daftari. Sisi hatukugawana, kila mmoja akabaki na soko dogo. Jumuiya ya sasa, iliyozaliwa upya kwa mkataba wa mwaka 1999 na yenye nchi wanachama nane leo, haina sababu ya kurudia kosa lolote kati ya hayo mawili.

Mambo ya kujipima

Waliouza Ikarus waliamini kwamba nchi ndugu haiwezi kumwacha nduguye. Waswahili walikwisha kusema: mtegemea cha ndugu hufa maskini. Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kujiuliza maswali manne, mtaji wake uwe wa kiwanda au wa magunia kumi ya maharage.

La kwanza: mnunuzi wangu mkubwa akiacha kununua kesho, nitabaki na wangapi? Mteja anayechukua mzigo wote ni neema, lakini ndiye pia anayeweza kukufunga. Muda mzuri wa kumtafuta wa pili na wa tatu ni wakati huyo wa kwanza bado ananunua.

La pili: ninalipwa kwa nini, na fedha hiyo inanunua wapi? Faranga, shilingi au pauni iliyolala upande wa pili wa mpaka si faida mpaka iwe imegeuka bidhaa au fedha unayoweza kuitumia nyumbani. Benki kuu za kanda zina mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2022 kuna mfumo wa bara zima, PAPSS, unaokusudiwa kuwawezesha Waafrika kulipana kwa sarafu zao bila kupitia dola. Kinachofaa kuulizwa benki kabla ya kusaini mkataba ni kama huduma hizo zimefika katika tawi lako na kwa makato gani.

La tatu: bidhaa yangu ina uthibitisho wa ilikotoka? Ikarus iliingia Marekani kwa sababu ilijua kuhesabu thamani iliyoongezwa wapi. Ndani ya Jumuiya yetu, bidhaa ya Afrika Mashariki isiyozidi thamani ya dola 2,000 inaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani, nayo haitozwi ushuru wa forodha. Wapo wanaopitisha mizigo kwa njia za panya, na wakikamatwa hupoteza vyote, kwa kukwepa ushuru ambao hawakustahili kutozwa.

La nne: nani anamjua mteja wangu, mimi au dalali? Mogürt ilipokosa wanunuzi, kiwanda hakikuwa na hata namba za simu za kuanzia. Dalali ana kazi yake, lakini jina na simu ya anayekula bidhaa yako mwisho wa safari vinafaa viwe kwenye simu yako pia.

Mwaka 2022 jiji la Budapest liliyastaafisha mabasi yake ya mwisho ya dizeli ya Ikarus 280. Watu walijipanga barabarani kuyaaga. Jina halijafa kabisa, maana limebandikwa kwenye basi jipya la umeme, Ikarus 120e. Safari hii Hungaria haimsubiri mteja wa Moscow: basi hilo limetengenezwa kwa kushirikiana na kampuni ya CRRC ya China, na litalazimika kujitafutia wanunuzi mji kwa mji.